Kuku Watatu na Betri ya Mkwe

Mwaka ninaousema ni ule watu wa Homa Bay walipokula maharagwe. Hawakuyapenda. Gugu maji lilikuwa limefunga ziwa, kijani tupu kutoka ukingoni hadi macho yanapochoka, mtumbwi haupiti, wavu hauzami. Mtu aliyekula samaki tangu alipoota jino la kwanza akawa anaketi mbele ya sahani ya maharagwe akiichungulia kama ameandaliwa kokoto. Mzee mmoja alimuuliza mkewe mbele yangu, "Haya unaanza kula upande gani?" Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, na mvua ilinyesha kama haina kwao.

Maharagwe hayo yalitoka Kegonga, kwa Wakuria, na mmoja wa waliokuwa wakiyabeba ni mkwe wangu Otieno, aliyemwoa binti yangu wa kwanza, Akinyi. Zamani alibeba samaki kwa pikapu yake. Samaki walipopotea akageuza safari: anapanda Kegonga kuchukua magunia, anapita kwangu Migori, anateremka Homa Bay. Kwa matope yale safari ilimla siku tatu, kwa hiyo alilala ndani ya gari. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango. Alikitandika godoro jembamba, blanketi, na mto ambao Akinyi aliufuma maua mekundu. Mkisahau mengine yote, msisahau huo mto. Kile hakikuwa kiti tena. Kilikuwa kitanda cha mume wa binti yangu.

Sasa pikapu hiyo ilikuwa na ugonjwa. Ikitembea, nzima. Uizime unywe chai, uiwashe tena, nzima. Lakini iache ilale, asubuhi ukizungusha ufunguo inakujibu "tk", kama mtu aliyeulizwa swali la ujinga. Betri imekauka, na hakuna taa hata moja iliyoachwa ikiwaka.

Ingekuwa mwaka mwingine ningesema isukumwe, vijana wapo. Lakini Akinyi alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, na muuguzi alikuwa amempapasa akamwambia mtoto amelala upande. Uchungu ukianza usimngoje mkunga, alisema, kimbia hospitali kubwa. Na kwao ni kando ya ziwa, mbali na lami. Wagonjwa wa huko walikuwa wakipelekwa mjini kwa mtumbwi, na ziwa sasa lilikuwa limefungwa. Gari lilikuwa moja tu kijiji kizima, nalo ni hilo la "tk".

Na mama yake Akinyi alikuwa nani? Fundi wa betri. Haya, jioneeni wenyewe hiyo aibu.

Mimi ndiye waliyemwita Mama Betri, pale Migori, kibanda cha mabati nyuma ya soko. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na televisheni miaka hiyo, basi betri yenu imepita kwenye mikono hii. Vijijini hakukuwa na stima. Mtu aliiendesha televisheni yake kwa betri ya gari, na betri ikichoka aliifunga nyuma ya baiskeli akaileta kwangu kuchajiwa. Nilizipanga chini kama watoto wa chekechea, kila moja na jina lake kwa chaki.

Shule nilifika darasa la nne, nikatoka kwa sababu ya ugomvi ambao mpaka leo naamini nilishinda. Kazi nilifundishwa na Fundi Athumani, Mwislamu mpole kutoka Pwani, aliyekuwa mwenye kibanda kabla yangu. Nilianza kwa kumpelekea chai. Nikawa naleta chai na maswali. Siku moja akachoka na maswali, akanipa glavu.

Asidi ilinila nguo zote. Kanisani wanawake walinitambua kwa mgongo: gauni lenye matundu kama kichujio cha chai, huyo ni Mama Betri. Mume wangu, Baba Akinyi, alikuwa akisema nikisimama mbele ya jua yeye anaona soko lote kupitia kwangu.

Athumani hakupenda maneno mengi. "Bibie," aliniambia, "betri ikifa gari likiwa limesimama, mambo ni mawili tu. Ama betri yenyewe haishiki, ama kuna kitu ndani ya gari kinainywa. Usiguse bisibisi kabla hujajua ni lipi." Ninyi vijana mnaokimbilia kumuuzia mtu betri mpya, hilo neno ni lenu. Toa betri, ichaji ijae, iweke pembeni bila kuiunganisha na chochote mpaka kesho yake. Ivute maji kwa lile bomba la kioo lenye kidude kinachoelea, tundu kwa tundu, yote sita. Kidude kikizama kwenye tundu moja tu, betri ni mgonjwa. Kikielea sawasawa yote, mrudishie mwenyewe betri yake na uanze kulishuku gari.

Na uifute juu kwanza. Wachimba dhahabu wa Osiri walikuwa wananiletea betri zenye udongo mwekundu juu mpaka ningeweza kupanda vitunguu. Ule udongo ukilowa maji ya betri, umeme unatembea juu yake kutoka kichwa kimoja cha betri hadi cha pili kama mtu anayevuka barabara. Wengine niliwaponya kwa kitambaa na maji ya magadi, wakaondoka wakidhani mimi ni mganga.

Kama ni gari linakunywa, chukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Fungua ile kamba nene ya umeme kwenye kichwa cheusi cha betri. Waya mmoja wa balbu ushike kichwa hicho, wa pili ushike ile kamba nene uliyoitoa. Sasa umeme wowote unaotoroka ni lazima upite kwenye balbu yako. Ufunguo uwe mfukoni, taa zimezimwa, milango imefungwa. Balbu ikiwaka, kuna anayekunywa. Toa fyuzi moja, tazama balbu, irudishe, toa nyingine. Ile ambayo ukiitoa balbu inazima, fuata njia yake, utamkuta mlevi.

Nimesema milango imefungwa. Nilijifunza hilo kwa gari la mwalimu mkuu mmoja. Balbu yangu iliwaka, nikatoa fyuzi, nikakuta njia ni ile ya taa ya ndani juu ya kichwa. Nikadhani waya umechubuka huko kwenye dari, nikachukua kisu, nikapasua kile kitambaa cha dari kutoka mbele hadi nyuma. Sikuona kitu. Athumani akaja na kikombe chake, akatazama. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi ndani anasoma gazeti, mguu mmoja nje, mlango wazi. Athumani akamwomba radhi, akausukuma mguu wa mwalimu ndani, akafunga mlango. Balbu ikazima.

"Bibie," akasema, "umempasulia mwalimu dari kutafuta taa inayowashwa na mlango."

Yule mwalimu aliendesha muhula mzima kitambaa kikimfunika kichwa kama bibi harusi.

Michoro ya waya sikujua kuisoma, na sikudanganya kwamba najua. Nilikuwa nabeba vipande vya kitambaa cha rangi. Kila waya niliofungua niliufunga kitambaa, na pale ulipotoka nikafunga kitambaa cha rangi ileile. Walionicheka walikuwa wakibaki na nyaya mbili mkononi wakati wa kufunga, wakizitazama kama yatima wa mtu mwingine. Mimi sikuwahi kubaki na hata moja.

Mambo mawili mengine Athumani aliniachia kabla hajarudi kwao Pwani. La kwanza: gari lililolala tangu jana, kila kitu ndani yake kinapaswa kuwa baridi. Umeme ukipita mahali kwa saa nyingi unaacha joto, kwa hiyo pitisha mkono. La pili: muulize mwenye gari ameongeza nini. Redio, honi, taa ya mapambo. Muulize, kisha usimwamini.

Haya yote niliyajua vizuri siku Otieno alipoingia kwangu mara ya kwanza na pikapu yake. Nikayaharibu yote.

Ninyi wa leo mnapiga picha na wakwe zenu mkikumbatiana. Kwetu mama mkwe na mkwe hawachezi hivyo. Hatushikani mikono, hatukai upande kwa upande, hanioni nikila, na pale anapolala mimi siingizi hata pua. Otieno alisimama mbali na mimi kama hatua sita. Hakunitazama usoni. Aliongea na gurudumu la mbele.

"Mama, hii gari imenimaliza."

"Nimesikia. Kuna kitu umeongeza? Redio, taa, chochote?"

"Hapana, Mama. Iko vile ilitoka kiwandani."

Mtu mwingine angeliambia gurudumu maneno hayo ningecheka hadi kibanda kitikisike. Lakini huyu ni mkwe. Utamwita mkwe mwongo, halafu binti yako atalala wapi? Nikaamini.

Nikatoa betri, nikaichaji, nikaiacha hadi kesho yake. Vidude vikaelea matundu yote sita. Betri nzima. Nikairudisha na kumwambia alete gari tena akitoka Homa Bay, tulitafute linalokunywa. Na kwa kuwa mkwe haji nyumbani kwako akaondoka bila kula kuku, nikachinja kuku. Wa kwanza huyo.

Otieno alikula na Baba Akinyi, mtu ambaye ujuzi wake wa magari uliishia pale pa kupandia. Baba Akinyi alitafuna paja, akalamba vidole, akasema, "Hii gari ina shida kubwa. Isiharakishwe."

Mara ya pili nilitoa balbu yangu. Iliwaka mara moja, nyekundu kama jicho la mlevi. Fyuzi za pikapu ile zilikuwa ndani kabisa, chini ya dashibodi, na kuziona ilibidi mtu alale chali kwenye kiti, kichwa chini kwenye miguu ya dereva.

"Mama, ingia tu," Otieno akaliambia gurudumu. "Nitatoa mto."

"Kitanda cha mkwe mimi sipandi."

"Ni kiti, Mama."

"Ukiwa Kegonga unalala wapi?"

Akauchukua mto wake, akautia kwapani.

Basi akalala yeye, akafunga milango, mimi nikasimama kando ya boneti, balbu mkononi, nimempa mgongo, uso sokoni, naongea naye kwa sauti kama mtu anayeuza nyanya. Toa ya kwanza. Rudisha. Toa ya pili. Alitoa zote. Balbu bado inawaka. Maana yake mlevi alikuwa anakunywa kabla umeme haujafika kwenye fyuzi. Nikamwambia achungulie nyuma ya swichi ya ufunguo kama kuna waya wa ziada.

"Hakuna, Mama."

Hapo ningeweza kumwita fundi mwingine yeyote apande achungulie kwa niaba yangu. Ilikuwa dakika mbili. Lakini fundi mwingine akijua, Migori nzima inajua kwamba Mama Betri ameshindwa na gari la mkwe wake. Na pale pembeni alikuwa amesimama Bhoke, Mkuria wa Kegonga aliyekuwa akiuza maharagwe karibu na kibanda changu, mwanamke mwenye ulimi unaoweza kumenya viazi.

"Mama Betri," akasema, "ni nini hiyo inawaka na haizimi?"

Nikataka kusema neno kubwa. Nikasema, "Ni altaneta."

Altaneta ni kile kinachozungushwa na mkanda wa injini, kinachorudishia betri chakula chake. Ndani kina vidude vya kuzuia umeme usirudi nyuma, na vikiharibika, betri inavuja kupitia hapo. Ni kweli hutokea, tena mara nyingi. Lakini kabla ya kusema ilinipasa kutoa ule waya wake mmoja mnene na kuitazama balbu. Ikizima, ni yeye. Isipozima, mwombe msamaha. Ni kazi ya spana moja. Sikuifanya. Mvua ilikuwa inaanza, Bhoke alikuwa anatazama, na mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia. Nikafungua altaneta nzima iliyokuwa haina kosa, nikafunga nyingine.

Kuku wa pili.

"Kama umebadilisha altaneta," Baba Akinyi akaniambia akivunja mfupa, "ni lazima arudi uikague. Alhamisi ni sawa. Alhamisi ni yule mwekundu ama yule mweusi?"

"Unamwombea mtoto wako ama unamwombea kuku?"

"Nawaombea wote."

Siku tatu baadaye Bhoke alirudi kutoka kwao na mzigo wake, na kabla hajautua akanitafuta.

"Mkwe wako tumemsukuma," akasema. "Soko lote. Tumemsukuma mpaka tukajua jina la babu yake. Sasa anasema ataenda kwa fundi wa Homa Bay, yule anauza betri mpya. Si ni vizuri? Wewe upumzike."

Siku hiyohiyo wachuuzi waliniletea neno kutoka kwa Akinyi: tumbo limeshuka, na Mama aulizwe kama gari limepona. Nilikaa kwenye debe nikakumbatia chaja yangu. Wanawake wangapi niliwarudishia televisheni zao, wakacheka jioni na watoto wao, na wa kwangu mwenyewe ninamwambia nini? Nikatuma watu wamwambie Otieno asiende kokote, aje kwangu, gari lilale uani kwangu.

Akaja. Nikamwekea betri yangu mwenyewe, nzito, iliyojaa. Pikapu ikalala uani kwetu, yeye akalala kwa jirani.

Asubuhi ilikuwa ya mvua na baridi. Nilitoka na kisu kumtafuta kuku mwekundu. Hayupo. Nikatafuta jikoni, nyuma ya choo, chini ya ghala. Baba Akinyi naye akatoka na mwavuli, na ninawaambia ukweli, sikuwahi kumwona akitafuta kitu kwa bidii namna ile, hata mimi hakunitafuta hivyo wakati wa kuniposa.

"Yuko huku," akaita. "Ameingia kwa gari."

Kioo cha mlango wa kushoto kilikuwa hakipandi hadi juu. Kuku alikuwa amejipenyeza hapo, ameketi kwenye kitanda cha mkwe wangu, manyoya yamefura, macho yamefumba nusu, kama abiria aliyelipa. Baba Akinyi akamfukuza. Akatoka, akazunguka pikapu mara moja kwenye mvua, akapenya tena, akaketi palepale. Tukamfukuza. Akarudi palepale.

Nikasimama. Kiti kile kilikuwa kirefu. Kulikuwa na blanketi, kulikuwa na mto wa maua, vyote vikavu na laini. Kuku aliyelowa anaacha blanketi, anachagua pembe ya godoro tupu? Mara tatu? Nikashika boneti: baridi kama pua ya mbwa. Na ndipo nilipomsikia Athumani kama yuko nyuma yangu na kikombe chake.

"Baba Akinyi, mtoe kuku. Weka mkono hapo alipokaa."

Akaweka. "Ni joto."

"Joto kweli?"

"Si kuku ndiye alikuwa amekaa? Kuku si ni joto? Wewe umechinja wangapi na hujui?"

Na hapo nakiri alisema neno la fundi. Nikamfunga kuku mguu kwenye nguzo ya jiko. Tukakunywa chai, polepole, kikombe kizima kila mtu, Baba Akinyi akilalamika kwamba wakati unapotea na maji ya kuchemshia kuku yanapoa. Kisha nikamwambia aweke mkono tena.

Akauweka. Akaniangalia. "Bado ni joto."

Otieno akaitwa kutoka kwa jirani. Akasimama mahali pake, hatua sita.

"Otieno, inua hilo godoro."

Akaangalia gurudumu. "Mama, hapo hakuna kitu."

"Kuku anasema kipo."

Akainua. Chini yake, katika shimo la kuwekea jeki kwenye pembe ya kiti, kulikuwa na amplifaya, kile cha kukuza sauti ya redio, ya kuundwa kwa mkono, kubwa kama bati la mkate, na jicho lake jekundu linawaka kimyakimya bila kuimba chochote. Spika mbili nyuma ya kiti, na redio ya kaseti kando yake. Waya wake ulipita chini ya mkeka hadi nyuma ya swichi ya ufunguo, palepale nilipomwambia achungulie. Alikuwa ameuunga upande ambao haulali hata ufunguo ukitolewa, kabla ya fyuzi zote. Aliizima redio, akadhani amplifaya nayo imezimika. Haikuzimika hata siku moja. Ilikuwa inakunywa usiku na mchana chini ya mbavu zake, naye akidhani godoro lake ni zuri lina joto.

"Ni ya nyimbo za kanisa, Mama," akasema.

Baba Akinyi akaokota kaseti moja, akaisoma. "Hii kanisa naijua," akasema. "Inafunguliwa wakati mmoja na baa."

Nitawaeleza. Otieno alipokuja kumposa Akinyi, alisimama mbele ya wazee akasema yeye ameokoka, muziki wa dunia hausikilizi. Nami nikasimama mbele ya wazee walewale nikasema, kwa sababu hiyo nimekubali. Basi akawa na benga yake, ule muziki wa gitaa wa kwetu, na hana pa kuificha. Akafikiri. Akapata mahali pamoja tu duniani ambapo Mama Betri, anayepitisha mkono kila pembe ya kila gari, hatauweka mkono wake kamwe. Kitandani pake.

Nilimwambia maneno ambayo mama mkwe hasemi. Niliyasema nikilitazama gurudumu, kwa heshima. Nilimwambia binti yangu angefia kwenye tope kwa ajili ya gitaa. Mvua ilikuwa inampiga, hakujifuta.

"Niliogopa, Mama," akasema. "Niliogopa utamrudisha nyumbani."

Mimi pia nilikuwa nimemdanganya mtu: nilisema altaneta huku nikijua sijapima. Yeye alificha redio, mimi nilificha kutojua, na Akinyi alikuwa kati yetu na tumbo lake.

"Lala chini," nikamwambia. "Tufanye kazi."

Akalala yeye kwenye kitanda chake, mimi nje nimempa mgongo, namwelekeza waya kwa waya. Tukautoa waya wa amplifaya pale, tukauunga upande unaokufa ufunguo ukitolewa, tukampa na fyuzi yake mwenyewe. Nikafunga balbu yangu kwenye betri. Giza. Sijawahi kupenda giza hivyo. Kazi ya siku zote hizo iliisha kabla ya uji kuchemka. Na ninyi mnaojifunza, chochote mnachoongeza kwenye gari kipitie fyuzi na kipitie ufunguo, na mkimwongezea mtu, mwambieni mkewe. Mama mkwe atajua mwenyewe.

Kuku mwekundu sikumchinja. Siku hiyo mkwe alikula mayai, nikamwomba msamaha kupitia kwa mume wangu. Baba Akinyi alikula maharagwe, na hakusema na mtu mpaka kesho yake.

Wiki ya pili uchungu ulimshika Akinyi alfajiri, gari likiwa limelala kwenye mvua siku mbili. Otieno alinisimulia kwamba kabla ya kuzungusha ufunguo aliushika kwa mikono miwili. Pikapu ikashika mara moja, bila hata kukohoa. Walifika hospitali asubuhi, madaktari wakampasua Akinyi, mtoto akatoka analia kwa hasira, msichana, mwenye kidevu changu. Daktari aliwaambia wangechelewa hadi mchana, asingejua angewaambia nini.

Kesho yake Otieno akaja kunichukua nikamwone mjukuu. Alikuwa ametoa godoro, ametoa blanketi, ametoa mto, ameosha kiti kwa sabuni na kutandika shuka jipya. Nilimwona alivyohangaika, na nikafurahi, na nikapanda nyuma. Niliketi juu ya gurudumu la akiba, nimejifunika karatasi ya nailoni, kutoka Migori hadi Homa Bay, na mvua ilinijua jina. Mbele, kwenye kiti, aliketi yule kuku mwekundu, zawadi ya mtoto, peke yake, mkavu, na benga ikimwimbia njia nzima. Kila tulipopita sokoni watu walitazama kuku mbele, bibi nyuma, wakauliza huyu mama amekosa nini.

Mtoto huyo ndiye mjukuu wangu mnayemjua, fundi wa umeme wa magari pale Homa Bay, na msimkatie maneno akiongea kwa sababu anajua. Anafungua kompyuta, anachomeka waya mmoja, gari linamwambia linapoumwa. Amenifundisha kwamba magari ya sasa hayalali kabisa, yanakunywa kidogo kidogo kwa ruhusa, na ukifunga gari usipime mara moja, ungoje nusu saa lipate usingizi, tena kwa kipimo cha namba maana balbu yangu haioni vitu vidogo hivyo. Nimekubali. Lakini nikienda kwake bado napitisha mkono, na mara mbili nimemtangulia kupata. Hapendi nikisema hivyo, na ndiyo sababu nasema.

Mwezi uliopita aliifufua ile pikapu ya baba yake. Waya mpya, betri mpya, rangi mpya. Otieno, ambaye sasa ana mvi na yeye mwenyewe ni baba mkwe wa watu, alisimama hatua zake sita, akaliambia gurudumu kwamba gari ni langu, amenipa, na karatasi ameziandikisha kwa jina langu. Mjukuu akanifungulia mlango wa mbele. Kiti kilikuwa kilekile kirefu, na pembeni, Mungu anawaona, walikuwa wameweka ule mto wa maua mekundu, umefuliwa.

"Dani, ingia," akasema, ndivyo anavyomwita bibi yake. "Gari ni lako. Kiti ni chako. Hakuna mkwe hapa tena."

Nilitazama kiti. Nilitazama nyuma, gurudumu la akiba lilikuwepo. Nikampa mjukuu mkoba wangu aniwekee mbele, nikashika ubao wa nyuma, nikainua mguu.

"Kitanda cha mkwe mimi sipandi."